Tairi za Nyuma Zinazoliwa Upande wa Ndani: Namna ya Kutafuta Chanzo na Kuchagua Tairi Mpya za Gari la Michezo

Mara ya kwanza nilipokutana na tatizo hili, tairi zangu za nyuma zilikuwa bado zinapendeza machoni. Upande wa nje kina cha mifereji kilikuwa kama milimita 5, na mtu aliyesimama nyuma ya gari angeapa kwamba zimebakiza mwaka mzima. Nilikuwa nimerudi kutoka Morogoro usiku uliotangulia, mvua ikinyesha tangu Chalinze, na asubuhi nilipopiga jeki ili kukagua breki ndipo nilipoona kwamba ukingo wa ndani wa tairi ya kushoto umeisha hadi waya zimetokeza kwa mzunguko mzima. Tairi hizo hazikuwa zimetembea hata kilomita 11,000. Nilinunua nyingine mbili siku hiyohiyo, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu kubwa, kwa sababu chanzo kilibaki palepale chini ya gari na kikaanza kuzila zile mpya tangu kilomita ya kwanza.

Gari lenyewe ni Nissan Fairlady Z ya umbo la Z33, lililouzwa Japani kuanzia 2002 hadi 2008, lenye injini ya V6 ya lita 3.5 inayosukuma magurudumu ya nyuma. Nalitumia hapa kama mfano kwa sababu ndilo ninalolifahamu, lakini karibu yote nitakayoeleza yanahusu pia Toyota Altezza, Mark X, Mazda RX-8, BMW za mfululizo wa 3 na magari mengine yanayosukumwa nyuma, ambayo hushuka katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yameshatumika Japani kwa miaka kadhaa. Mengi yalishashushwa na wamiliki wa awali, yaani bodi imeletwa karibu na ardhi kwa springi fupi, bushi zake (vipande vya mpira na chuma vilivyo kwenye maungio ya mikono inayoshika magurudumu) zimechoka, na hakuna karatasi inayosema ni nini kilibadilishwa. Kwa hiyo utaratibu ninaousisitiza ni kwamba tairi ya zamani isomwe kwanza, chanzo kitafutwe na kurekebishwa, gari lipimwe, na fedha ya tairi mpya iwe ya mwisho kutoka mfukoni.

Kusoma tairi ya zamani

Usimruhusu fundi wa tairi aitupe tairi iliyoisha kwenye lundo kabla hujaichunguza, maana hiyo ndiyo shahidi pekee wa kilomita zote ulizotembea. Egesha gari mahali pa tambarare, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au vipande vya mbao, legeza nati kidogo, piga jeki, liegemeze gari juu ya stendi imara, kisha vua gurudumu. Kamwe usiingize mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Kwa geji ndogo ya kupimia kina cha mifereji, ambayo bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya tairi moja, pima sehemu tatu kwa upana wa tairi: mfereji wa ndani, wa katikati na wa nje. Zungusha tairi robo mzunguko na upime tena, mpaka uwe umekamilisha sehemu nne. Utapata namba 12 kwa kila tairi. Ziandike zote, pamoja na upande ambao tairi ilikuwa imefungwa. Tairi mpya nyingi huanza na kina cha karibu milimita 8, na vile vinundu vidogo vilivyomo ndani ya mifereji vina kimo cha milimita 1.6, hivyo kashata za tairi, yaani vipande vya mpira vilivyo kati ya mifereji, zikishuka hadi kulingana navyo, tairi hiyo imekwisha. Kwa gari lenye nguvu linaloendeshwa wakati wa masika, mimi sisubiri mpaka hapo. Nabadilisha kina kinapofika milimita 3, kwa sababu mfereji mfupi hauwezi kutoa maji ya kutosha chini ya tairi pana, na tairi pana ndiyo inayoelea juu ya maji mapema kuliko nyembamba.

Namba hizo zina lugha yake. Katikati ikiwa imeisha kuliko kingo zote mbili, upepo umekuwa ukizidi, ingawa gari lenye nguvu linalokanyagwa mafuta kwa nguvu kila linapotoka kwenye taa linaweza kuonyesha dalili hiyohiyo. Kingo zote mbili zikiisha na katikati ikabaki, upepo umekuwa mdogo. Kama namba zinapanda na kushuka unapozunguka tairi, yaani mahali pamoja milimita 4 na robo mzunguko mbele yake milimita 2, tazama shokapu kwanza, kwa sababu gurudumu limekuwa likidunda barabarani badala ya kutulia. Na kama ukingo wa ndani umeisha kupita sana ule wa nje, uko kwenye tatizo lililoniingiza gharama mimi, na ndilo linalostahili nafasi kubwa zaidi katika mwongozo huu.

Kabla ya kuacha tairi hiyo, vaa glavu nyembamba na upitishe kiganja juu ya kashata, kutoka ukingo wa ndani kwenda wa nje, kisha urudi. Glavu ni lazima kwa sababu waya zilizochomoza hukata ngozi kama wembe. Ikiwa mkono unateleza vizuri ukielekea upande mmoja lakini unakwaruzwa ukielekea upande mwingine, tairi imekuwa ikiburutwa kando huku ikibingirika. Mkono unapokwaruzwa ukitoka ndani kwenda nje, ina maana sehemu za mbele za magurudumu hayo mawili zimekuwa zikitazamana kupita kiasi. Unapokwaruzwa ukitoka nje kwenda ndani, zimekuwa zikitazama pembeni, na hali hii ya pili ndiyo mbaya zaidi kwa magurudumu ya nyuma kwa sababu inaharibu tairi na pia inalifanya gari liyumbe mkia.

Niongeze jambo moja ambalo limewagharimu wengi. Tairi iliyoliwa kwa namna hii hutoa ngurumo inayoongezeka na mwendo, na ngurumo hiyo inafanana mno na ya beringi ya gurudumu iliyokufa. Watu hubadilisha beringi mbili za nyuma, ngurumo inabaki, na hapo ndipo wanapoanza kutazama tairi. Pitisha mkono kwanza, haigharimu chochote.

Mlalo na mwelekeo

Gurudumu la nyuma limefungwa kwa pembe mbili ambazo mwenye gari anapaswa kuzielewa. Ya kwanza ni mlalo, ambao mafundi huuita kemba: ukitazama gari kwa nyuma, je, juu ya tairi pameinamia ndani kuelekea katikati ya gari, au tairi imesimama wima? Magari ya michezo hutoka kiwandani yakiwa na mlalo wa ndani kidogo, kwa sababu linapokata kona kwa kasi mwili wa gari huegemea nje, na tairi iliyolazwa kidogo ndiyo inayokaa bapa juu ya lami wakati huo. Ya pili ni mwelekeo: ukitazama gari kutoka juu, je, magurudumu mawili yanakwenda sambamba, au sehemu zake za mbele zinatazamana, au zinatazama nje?

Wengi hulaumu mlalo peke yake, kwa kuwa ndio unaoonekana kwa macho. Kwa uzoefu wangu, mlalo huamua ni sehemu gani ya tairi italiwa, na mwelekeo huamua italiwa kwa kasi gani. Hesabu yake si ngumu. Gurudumu lililopinda mwelekeo kwa nyuzi 0.2 tu, pembe ambayo hakuna jicho linaloweza kuiona, linapaswa kusogezwa kando karibu mita 3.5 kwa kila kilomita moja gari linayokwenda mbele. Katika kilomita 10,000 hiyo ni sawa na kusukumwa kando kilomita 35. Sehemu ya msukumo huo humezwa na mpira unaonyumbuka, na sehemu nyingine husagwa kwenye lami. Pembe ikifika nyuzi 1 kamili, msukumo unakuwa zaidi ya mita 17 kwa kila kilomita. Sasa chukua tairi hiyohiyo, ilaze ili uzito mwingi wa gari ukae kwenye ukingo wa ndani, nawe utaelewa kwa nini ukingo huo unaisha hadi waya ilhali wa nje bado una milimita 5.

Gari linaposhushwa, pembe hizi mbili hubadilika kwa pamoja. Mikono inayoshika gurudumu la nyuma la Z33, kama ilivyo kwa magari mengi ya michezo ya Kijapani na Kijerumani, imepangwa hivi kwamba gurudumu likipanda juu, mlalo wa ndani unaongezeka na mwelekeo unabadilika. Kushusha springi maana yake ni kuliweka gurudumu katika hali hiyo ya kupanda wakati wote, hata gari linapokwenda moja kwa moja. Kwa hiyo mtu aliyefunga springi fupi bila kupima tena pembe zake amejiwekea mashine ya kusagia tairi. Na si lazima wewe uwe ndiye uliyefunga. Pima umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia, ulinganishe na gari la aina hiyohiyo ambalo halijaguswa. Na utazame rangi ya springi, maana springi zilizofungwa baada ya kiwanda mara nyingi hupakwa rangi kali kama nyekundu, buluu au njano.

Kukagua chini ya gari kabla ya kupima pembe

Kupima pembe za gari lenye bushi zilizokufa ni kupoteza fedha, kwa sababu karatasi itaonyesha namba nzuri gari likiwa limesimama, na dakika utakapokanyaga breki gurudumu litageukia linakotaka. Mwombe fundi alinyanyue gari, achukue mtaimbo mfupi, na asukume kila mkono wa nyuma karibu na bushi yake huku wewe ukitazama. Bushi nzima hunyumbuka kidogo na kurudi. Iliyokufa huacha chuma kikitembea peke yake, au mpira wake huonyesha mpasuko unaozunguka kando ya bomba la ndani. Tazama pia kama shokapu imetoa mafuta, kama mkono wowote umepinda au una alama ya kugongwa, na kama beringi ya gurudumu ina mchezo unapolishika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Ikiwa tairi moja ya nyuma imeliwa zaidi kuliko mwenzake, weka mkazo kwenye upande huo: shimo moja la barabara ya Bagamoyo linatosha kupinda mkono wa upande mmoja na kuuacha wa pili salama.

Bushi zikibadilishwa, kuna kosa dogo linaloziua tena mapema, nami nimeliona katika gereji zaidi ya moja. Fundi hufunga mkono mpya gari likiwa juu, magurudumu yakining'inia, na kukaza bolti zote hapohapo. Mpira wa bushi umeshikamana na chuma ndani na nje, hivyo gari linaposhushwa chini mpira unajisokota na kubaki umesokotwa maisha yake yote. Bolti zinazopita katikati ya bushi zinapaswa kukazwa kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake lenyewe, au mkono ukiwa umenyanyuliwa kwa jeki hadi kimo chake cha kawaida. Msisitizie fundi jambo hili kwa upole lakini bila kuacha.

Alainimenti ya magurudumu manne

Vituo vingi vikiombwa alainimenti, yaani kupima na kupanga pembe za magurudumu, hurekebisha magurudumu ya mbele peke yake, kwa sababu ndivyo inavyotosha kwa magari mengi madogo ambayo nyuma yake hayana pa kurekebisha. Gari la michezo linahitaji manne yote yapimwe kwa pamoja, kuanzia nyuma, kwa kuwa magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linasukumwa kuelekea wapi, na ya mbele hufuata mstari huo. Yakipangwa ya mbele kwanza, usukani utakaa upande hata kama kila namba iko sawa.

Nenda na tairi zenye upepo sahihi, tangi la mafuta likiwa nusu au zaidi, na buti tupu. Omba karatasi ya vipimo vya kabla ya kugusa chochote; karatasi hiyo ukiilinganisha na namba 12 ulizoandika nyumbani, mara nyingi hadithi yote inajidhihirisha. Kuwa mwangalifu na namna namba zinavyoandikwa. Mashine nyingine huandika nyuzi kwa desimali na nyingine kwa nyuzi na dakika, na kwa kuwa nyuzi moja ina dakika 60, dakika 12 ni sawa na nyuzi 0.20, si 0.12. Nimeona gari likipangwa vibaya kwa sababu ya kuchanganya hizo mbili tu.

Fuata vipimo vya kiwanda vya gari lako kama gari halijashushwa. Kwa gari la barabarani la aina hii, mlalo wa ndani wa nyuma wa kati ya nyuzi 1 na 1.5, pamoja na mwelekeo wa kutazamana kidogo sana ambao ni sawa kushoto na kulia, hutoa uthabiti bila kula tairi haraka. Usikubali mwelekeo wa kutazama nje nyuma, hata kidogo, kwenye gari linalosukumwa nyuma. Z33 ina bolti za nyuma zenye kichwa kilichotoka kando ya mhimili, ambazo zikizungushwa husogeza mwelekeo na mlalo kwa kiasi fulani. Gari likiwa limeshushwa sana bolti hizo hufika mwisho kabla namba hazijawa sawa, na hapo hakuna njia isipokuwa kununua mikono inayorekebishika au kurudisha springi za kimo cha awali. Kama mfuko unaruhusu kurekebisha pembe moja tu, rekebisha mwelekeo. Tairi yenye mlalo wa nyuzi 2 lakini yenye mwelekeo sahihi itakutumikia. Yenye mlalo wa nyuzi 1 na mwelekeo uliopotoka haitakutumikia.

Kuchagua tairi mpya

Sasa ndipo tunapofika dukani. Anza na ukubwa, na uanze na ule ulioandikwa na kiwanda, si ule uliokuta umefungwa. Z33 yenye rimu za inchi 18 ilitoka na tairi za 225/45R18 mbele na 245/45R18 nyuma. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukikokotoa, tairi ya nyuma ina kipenyo cha karibu milimita 678 na ya mbele milimita 660. Tofauti hiyo imekusudiwa, na mfumo wa breki pamoja na ule wa kielektroniki unaozuia gari lisiteleze hutegemea uwiano huo. Anayefunga 255/40R18 nyuma kwa sababu imepatikana kwa bei nzuri anapunguza kipenyo hadi milimita 661, karibu sawa na cha mbele, na kompyuta ya gari inaanza kudhani kwamba magurudumu ya nyuma yanazunguka kupita kiasi. Ukubwa wa 275/40R18 una kipenyo kinacholingana vizuri na cha awali, lakini unahitaji rimu yenye upana wa inchi 9 au zaidi, na rimu nyingi za kiwandani za gari hili ni nyembamba kuliko hapo. Tairi pana iliyobanwa kwenye rimu nyembamba huvimba katikati na kuisha hapo, ikikuingiza kwenye matatizo mapya.

Mimi sishauri mtu anayeendesha Dar es Salaam, Mombasa au Kampala kwenda kwenye rimu za inchi 19 au 20 zenye ubavu wa 35 au 30. Ubavu mfupi hauna pa kumeza shimo. Nguvu yote huenda kwenye nyuzi za ndani za tairi na kwenye rimu, kisha unaona uvimbe ubavuni, na tairi yenye uvimbe haina matengenezo. Rimu ya 17 au 18 yenye ubavu wa 45 au 50 inabaki na mvuto wa kutosha na inavumilia barabara zetu.

Baada ya ukubwa huja alama za mzigo na mwendo. Kwenye 245/45R18 utakuta kwa mfano 96W: namba 96 inamaanisha tairi moja inabeba hadi kilo 710, na W inamaanisha imejaribiwa kwa mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa. V ni 240, na Y ni 300. Hakuna anayepaswa kufika huko katika barabara ya umma, lakini herufi hiyo inaeleza pia uwezo wa tairi kuvumilia joto, na joto ndilo adui mkubwa katika ukanda wa pwani. Usishuke chini ya kile kiwanda kilichoagiza.

Tarehe ya kutengenezwa nayo isomwe kabla ya bei kujadiliwa. Kwenye ubavu kuna namba nne zilizofungiwa ndani ya umbo la yai: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Ukubwa wa tairi za magari ya michezo haununuliwi na wengi kwetu, hivyo zinaweza kukaa dukani muda mrefu, nyingine zikiwa juani mlangoni. Sinunui tairi iliyozidi miaka miwili tangu itengenezwe, na iliyo kwenye gari ikifikisha miaka mitano huikagua kila mwaka kutafuta nyufa za ubavuni. Baadhi ya watengenezaji wakubwa husema wazi kwamba miaka 10 ndiyo mwisho hata kama kina cha mifereji kinaonekana kizuri. Kwa sababu hiyo hiyo siwezi kupendekeza tairi za mtumba kwa ekseli ya nyuma ya gari lenye nguvu: hujui zilikula shimo gani, wala zilikaa bila upepo kwa kilomita ngapi.

Gari likishuka tu kutoka Japani, tazama pia kama ubavuni pameandikwa STUDLESS. Hizo ni tairi za theluji. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi kali, na kashata zake zimekatwakatwa kwa mistari myembamba mingi. Juu ya lami ya Dar es Salaam mwezi wa Februari huwa laini kupita kiasi, hulegea kwenye kona na kuisha haraka. Zinaonekana mpya na nzito, na wauzaji huzisifu, lakini zitoe.

Kuhusu aina ya mpira, kuna namba iliyowekwa kwa utaratibu wa Marekani, ambayo hupatikana ubavuni baada ya neno TREADWEAR. Namba kubwa inaashiria mpira unaodumu zaidi. 100 ndicho kipimo cha rejea, na tairi ya 300 ilitarajiwa kuisha mara tatu polepole zaidi katika jaribio hilo. Kila mtengenezaji huipatia tairi yake namba yeye mwenyewe, kwa hiyo ni ya kuaminika zaidi unapolinganisha tairi mbili za kampuni moja. Karibu nayo kuna herufi ya mshiko kwenye lami iliyolowa, AA ikiwa ya juu kabisa, kisha A, B na C. Bridgestone Potenza RE-71R, kwa mfano, ina 200, nayo ni tairi ya mtu anayekwenda uwanja wa mashindano. Michelin Pilot Sport 4S ina 300 na AA, nayo ni ya barabarani. Kwa gari linalokwenda kazini siku tano na safarini mwisho wa wiki, tafuta kiwango cha 300 na kuendelea, chenye mifereji mipana inayozunguka tairi nzima, kwa sababu mvua ya vuli huijaza barabara maji kwa dakika chache. Tairi ya 500 au 600 itadumu, lakini kwa injini ya lita 3.5 inayosukuma nyuma utaona mkia ukitaka kutoka kwenye kila kona iliyolowa, na sioni faida ya kuokoa fedha mahali hapo.

Tairi mbili za ekseli moja lazima ziwe za kampuni moja, jina moja na umri unaokaribiana. Ningependa zote nne ziwe hivyo, kwa sababu mbele na nyuma zikiwa na mshiko tofauti gari hubadilika tabia ghafla. Mwenye gari lenye ukubwa sawa mbele na nyuma, kama Altezza ya 215/45R17, akinunua mbili tu, azifunge nyuma, hata kama zilizoisha zilikuwa za mbele; tairi za nyuma zikipoteza mshiko kwenye maji, dereva wa kawaida hana muda wa kulirudisha gari. Wenye Subaru na magari mengine yanayosukumwa na magurudumu yote wawe waangalifu zaidi, kwani tofauti ya kina ya milimita 1 hubadilisha mzingo wa tairi kwa milimita 6 na zaidi kidogo, na hapo ndipo mipaka inayoruhusiwa na gia za kati, zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, huanza kuguswa. Kwao, kununua nne kwa pamoja mara nyingi ndiyo njia ya bei nafuu.

Kufunga na kufuatilia

Tairi yenye mshale ubavuni izunguke kuelekea mshale unakoelekeza. Yenye neno OUTSIDE, neno hilo lionekane kwa mtu aliyesimama nje ya gari. Nimekuta tairi ya upande wa kulia imefungwa ndani nje baada ya kuzibwa pancha, na mwenyewe hakujua kwa miezi. Mwambie fundi abadilishe valvu za mpira kila anapofunga tairi mpya, abalansi magurudumu yote, na akaze nati kwa mkono kwa mtindo wa nyota kabla ya kumalizia kwa spana inayopima nguvu ya kukaza.

Upepo ufuate karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huonyesha kipimo cha kPa, na 230 kPa ni karibu psi 33. Pima tairi zikiwa baridi, gari likiwa limesimama angalau saa tatu, kwa kuwa joto likiongezeka nyuzi 5 au 6 upepo hupanda karibu psi 1, na anayepunguza upepo baada ya safari ndefu ataamka na tairi zilizolegea. Kwa kilomita mia chache za mwanzo endesha kwa utulivu, hasa kwenye mvua, mpaka tabaka laini la juu la mpira liishe.

Ukitembea kilomita 1,500, lala chini tena na upime ndani, katikati na nje. Tofauti kati ya ndani na nje ikiwa chini ya nusu milimita, endelea, ukipima kila kilomita 3,000. Ikiwa ndani pamepungua milimita 1 nzima na nje hapajaguswa, rudi kwenye kituo cha alainimenti na karatasi yako mkononi wiki hiyohiyo, huku tairi ikiwa bado na milimita 6 au 7 za kuokoa.